Kina cha Ukucha

Mtaa mzima ulimwita Mama Tindo, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala mtoto yeyote. Tindo ni chuma cha kuchongea mawe, na yeye alikishika tangu magoti yake yakiwa bado na makovu ya michezo. Kazi yake ilikuwa kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Baba yake aliifanya kazi hiyo kabla yake, katika kibanda kile kile cha mabati kando ya njia ya makaburini, na alipofariki alimwachia nyundo, sanduku la tindo na onyo moja.

Onyo lenyewe lilizaliwa na aibu. Zamani mteja alileta karatasi ya Kiingereza. Mstari wa kwanza ulisema marehemu apumzike kwa amani. Mstari wa chini yake ulikuwa maagizo kwa fundi: herufi kubwa. Mzee hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Akachonga mistari yote miwili, kwa ufundi wa kumtoa mtu machozi. Siku ya kufunua jiwe mchungaji akasoma kwa sauti nzito kwamba ndugu yetu apumzike kwa amani, kwa herufi kubwa. Watu waliinamisha vichwa kama wanaosali, kumbe wanang'ata midomo wasicheke. Lile jiwe lipo mpaka leo.

Tangu siku hiyo mzee aliweka sheria. "Usichonge neno usilolijua," alimwambia binti yake. "Maiti hawezi kukusahihisha." Na akaongeza nyingine: siku ya kufunua jiwe, aliyelichonga ndiye atakayelisoma kwanza, kwa sauti, mbele ya watu. Kilichofanywa na mkono, mdomo ukishuhudie. Wateja waliipenda desturi hiyo, na Mama Tindo hakuwahi kuivunja.

Kwa maneno ya Kiswahili hakuhitaji msaada. Kwa ya Kiingereza alimtegemea wifi yake, mjane wa mdogo wake, aliyesoma mpaka sekondari na kufundisha watoto wadogo kwenye darasa la kanisa. Wajane na mayatima hujuana kwa harufu, watu husema, na hao wawili walikuwa wakiishi nyumba moja yenye vyumba viwili, wakipika chungu kimoja na kuomboleza mtu mmoja.

Mtu huyo waliyekuwa wakimwomboleza aliitwa Tenori, kwa sababu ya sauti yake kwenye kwaya. Alikuwa mdogo wa pekee wa Mama Tindo. Mama yao aliwatoka mapema, na dada ndiye aliyemnawisha uso, akamfunga vifungo vya shati la shule na kumchapa alipopasua suruali. Alikua akawa fundi mwashi. Ulevi hakuujua. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza, akauliza, "Dada, humu hamna kitu?" Wakamcheka.

Tenori alifanya kazi kwa Mkandarasi, mtu mwenye malori na sauti ya kuamrisha. Siku moja walikuwa wakiinua ukuta wa ghala. Tenori alibonyeza udongo wa kujengea kwa kidole gumba, ukamumunyuka kama unga mkavu. Akamwendea mwajiri wake. "Bosi, huu ni mchanga mtupu. Saruji iko wapi? Ukuta hautasimama."

"Nani mhandisi hapa, wewe au mimi?" Mkandarasi akamjibu mbele ya wenzake. "Kama umechoka, lango lile pale."

Ukuta ulianguka kabla jua halijakaa utosini. Uliangukia upande aliokuwa Tenori. Na askari walipokuja kuuliza, Mkandarasi alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema kijana wa watu alikuwa amelewa, amekwenda kuegemea ukuta mbichi. Vibarua walitazama viatu vyao. Kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani. Ikaandikwa hivyo, ikatangazwa hivyo, na kwenye mazishi Mama Tindo alisikia kwa masikio yake mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Pombe, shoga. Pombe haina mwana wa kwaya."

Hapo ndipo kinyongo kilipoingia moyoni mwake, kikavua viatu, kikakaa.

Kaburi la Tenori hakuliwekea maandishi. Alisimamisha jiwe zuri, akachonga jina na tarehe, akaacha nafasi tupu chini yake. Wifi yake alipomuuliza ni kwa nini, alisema, "Mpaka jina lake lisafishwe. Siwezi kumsifu mtu ambaye dunia inamwita mlevi. Watasoma na kucheka."

Miaka ikapita. Mkandarasi akazeeka, akaugua, akafa kitandani juu ya shuka safi. Na kwa kuwa mchonga mawe mwenye jina alikuwa mmoja tu, gari likasimama mbele ya kibanda cha mabati.

Walishuka wawili. Mjane wa Mkandarasi, mama mnene mwenye kitambaa cheusi, alibaki mlangoni kama anayeogopa vumbi. Mwanawe mkubwa, aliyevaa miwani ya jua ndani ya kibanda chenye giza, ndiye aliyezungumza. Alitoa karatasi. Jina, tarehe, na chini yake maneno machache ya Kiingereza. Mama Tindo aliyajua karibu yote, kwani yalikuwa yale yale ya siku zote: mume, baba. Moja hakulijua. BENEVOLENT.

"Hili maana yake nini?"

"Wewe chonga tu, mama," kijana wa miwani akasema. "Ukishaanza kuuliza maana tutakaa hapa mpaka Kiama."

"Mimi sichongi nisichokijua. Ndiyo sheria ya kibanda hiki."

"Basi kaulize. Si una watu wa kukusomea?" Akageuka kwenda garini. Mjane alibaki nyuma kidogo. Alitazama mikono ya Mama Tindo iliyojaa unga mweupe wa mawe, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akamfuata mwanawe.

Hawakujua yeye ni dada wa nani. Au walijua na kusahau, ambalo ni baya zaidi.

Jioni, wifi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Mama Tindo akaweka karatasi juu ya mchele.

"Nipe hilo neno. Lakini unipe kama unavyowapa watoto wako, mpaka mwisho."

Wifi alisoma. Alisoma na jina lililokuwa juu yake, akausukuma ungo pembeni, punje zikaruka. Alikwenda chumbani akaleta kamusi yake ya shule iliyofungwa gundi mgongoni.

"Ni mtu anayewatakia wenzake mema," alisema taratibu, "na anayewatendea. Mwalimu wetu alituambia ndani ya neno hili mna kutaka. Si mtu aliyetenda wema kwa bahati. Ni mtu ambaye moyo wake wenyewe unataka mema kwa wengine."

Mama Tindo akauliza, kwa sauti ya mnunuzi anayekagua kitambaa, "Linakaa kwa nani? Kwa mvua linakaa? Mvua inatupa chakula."

"Hapana. Mvua haina nia."

"Mbwa?"

"Kwenye hadithi za watoto, labda."

"Mtu anayegawa sadaka huku kamera zinampiga picha?"

Wifi akacheka bila kupenda. "Hapo, wifi, mwalimu wangu angeweka alama ya kuuliza."

"Na mtu mwenye nguvu juu ya wengine?"

"Hapo ndipo linapokaa vizuri kuliko pote. Mfalme, tajiri, bosi. Mtu anayeweza kukuumiza, lakini anakutakia mema."

Mama Tindo aliinuka, akaenda mlangoni, akatema mate nje. "Na kinyume chake? Kiingereza kina kinyume?"

"Kipo. Malevolent. Mwenye kuwatakia watu mabaya."

"Basi ndilo hilo. Nitachonga hilo. Wenye miwani ya giza hawatagundua."

"Wifi! Tumwachie Mungu."

"Nimemwachia. Yeye naye ameniachia tindo."

Usingizi wake ulikuwa wa kugeuka-geuka. Asubuhi, kabla ya kunywa chai, alichukua kipande cha jiwe kilichovunjika, akaandika lile neno baya kwa penseli, akashika nyundo. Akasema kwa sauti, kama sheria ya baba ilivyotaka: huyu aliwatakia watu mabaya. Akarudia. Ulimi ukakataa. Alijaribu tena, na mara hii mkono nao ukakataa. Akaenda kukaa kizingitini karibu na wifi yake.

"Ati alimtakia mdogo wangu mabaya?"

Wifi alikuwa akisuka nywele zake mwenyewe. Alifikiri. Alikuwa mtu wa sala, na uongo ulimkaa vibaya mdomoni hata ukiwa mtamu. "Hapana," alisema mwishowe. "Hakumtakia lolote. Alitaka saruji yake ibaki ghalani, basi. Hakumwona mume wangu hata kama mtu wa kumtakia mabaya."

"Kwa hiyo neno lile silo lake, na hili silo lake."

"Silo. Mwalimu angelikata kwa wino mwekundu."

Na Mama Tindo akatabasamu. Wifi alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuona tabasamu la namna ile, na kwamba lilimtia baridi. "Basi inayomfaa," alisema Mama Tindo, "ni nafasi tupu."

Sasa ijulikane kwamba herufi ya kaburini ina kina chake. Baba yake alimfundisha kuipima kwa punje ya hindi: tindo iingie mpaka punje nzima ilale ndani, isionekane mgongo. Herufi ya namna hiyo hupigwa na mvua ya wajukuu na bado ikasomeka. Lakini mtu akitaka, anaweza kukwaruza kwa kina cha ukucha tu, kisha akajaza rangi nyeusi. Siku ya kwanza hakuna jicho la binadamu litakalotofautisha. Tofauti huijua mvua. Rangi hubanduka, na jiwe jeupe laini, la aina waliyoichagua wao kwa sababu linang'aa, huliwa juu kwa juu mpaka mkwaruzo wote uishe.

Alichonga jina la Mkandarasi kwa kina cha punje. Tarehe, kina cha punje. Mume, baba, kina cha punje, kwa kuwa hayo yalikuwa kweli na yeye si mwongo. Alipofika kwenye lile neno alibadilisha tindo, akachukua ile nyembamba kuliko zote, akashusha pumzi na kulikwaruza kwa upole, herufi baada ya herufi, kama mtu anayemkuna mtoto mgongo. Kisha akapaka rangi. Likapendeza kuliko mengine yote.

Kabla ya kulala alipiga magoti. Wifi alimsikia kutoka chumba cha pili, maana ukuta ulikuwa wa mbao. Hakuomba kusamehewa. Aliomba hivi: "Bwana, sijakuomba moto. Nakuomba mvua tu. Mvua ya kawaida."

Siku ya kufunua jiwe, watu walikuja na magari. Waashi wa zamani nao walikuwapo, nyuma kabisa, kofia mikononi. Kitambaa kikavutwa. Kwa desturi ya kibanda chake, Mama Tindo akasogea mbele asome kwanza. Wifi alikuwa pembeni, moyo mkononi, akidhani mwenzake atalipuka. Mama Tindo alisoma jina. Alisoma tarehe, mume na baba. Akafika kwenye neno lile, akalitamka polepole, kila silabi mahali pake, kama alivyofundishwa. Baadhi ya watu wakaitikia amina. Mwashi mmoja mzee alikohoa kikohozi kirefu kisicho cha ugonjwa.

Njiani kurudi, wifi akamuuliza, "Umewezaje kulitamka?"

"Nilisoma kilichoandikwa. Mtu husoma hata bango la sinema."

Tangu hapo, Mama Tindo akawa mpenzi wa mawingu. Wengine walipokimbia kuanua nguo, yeye alitoka nje na kuinua uso. "Njoo, mama," aliiambia mvua. "Usiwe mvivu." Kila masika yalipokwisha alikwenda makaburini na ufagio, akijifanya amekwenda kumfagilia mdogo wake, na kwa kweli alimfagilia, lakini baadaye alipitia upande wa matajiri. Masika ya kwanza rangi ilichubuka kidogo kwenye herufi ya mwisho. Alirudi nyumbani akipiga miluzi. Masika yaliyofuata neno lilikuwa limebaki kama nusu ya sentensi ya mtu mwenye kigugumizi. Wifi alimwambia chuki inamla. "Acha inile," akajibu, "mradi nayo inashiba." Hata hivyo alinenepa miaka ile, akalala vizuri, jambo ambalo wifi, kwa dini yake, alishindwa kulielewa na hakuacha kuliombea.

Kisha masika mengine makali yakapita, na gari lile lile likasimama mbele ya kibanda. Safari hii alishuka mjane peke yake. Alikuwa amekonda. Aliingia ndani bila kuogopa vumbi, akaketi juu ya jiwe lisilo na maandishi.

"Neno limefutika," alisema.

"Mvua, mama."

"Jina lipo. Tarehe zipo. Mume lipo, baba lipo. Limefutika hilo tu." Alimtazama usoni. "Mvua nayo siku hizi inachagua?"

"Muulize mwenye mvua."

Wifi alikuwa mlangoni na kikapu cha sokoni. Hakuthubutu kukiweka chini.

Mjane akauliza jambo ambalo Mama Tindo hakulitarajia. "Maana yake ilikuwa nini? Watoto ndio walilichagua. Niliona haya kuwauliza. Wangeniambia, mama naye."

Mama Tindo aliweka tindo chini. Akamweleza kama alivyoelezwa yeye, mpaka mwisho, bila kuongeza wala kupunguza: mtu ambaye moyo wake unawatakia wengine mema, mtu mwenye uwezo wa kukuumiza, asikuumize, akakutendea mema. Akamweleza na mahali neno hilo lisipokaa. Alizungumza taratibu kama mwalimu, na macho yake hayakutoka kwenye uso wa yule mama.

Mjane alikunja pembe ya kitambaa chake, akaikunjua. "Wewe ni dada yake yule kijana," alisema. "Mwimbaji."

"Ndiye."

"Siku ile mume wangu alirudi hakula. Alisema, yule mtoto aliniambia, nami sikusikia." Akamtazama Mama Tindo. "Hakuwa amelewa. Mimi najua hakuwa amelewa."

Kikapu kikaanguka mlangoni. Nyanya zikabiringika hadi chini ya meza ya mawe. Hakuna aliyeziokota.

"Nitakuchongea neno lako upya," alisema Mama Tindo, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko mawe yote mle ndani. "Kina cha punje. Litawashinda wajukuu wako. Wewe Jumapili simama kanisani, useme hayo uliyosema hapa. Mbele ya kwaya."

"Mama Tindo, watoto wangu wana kampuni yenye jina la baba yao."

"Mdogo wangu naye alikuwa na jina."

"Watanitoa nyumbani."

"Sijakuomba utoke nyumbani. Nimekuomba useme sentensi moja."

Yule mama alilia, bila sauti, akijipangusa kwa kile kitambaa cheusi. Wifi alitaka kwenda kumshika bega, na mguu wake ulikwisha kuinuka, lakini Mama Tindo akamtazama, naye akabaki pale pale. Ilikuwa dhambi, au ilikuwa haki. Wifi amemwomba Mungu jibu tangu siku hiyo.

Mwishowe mjane akasimama, akakung'uta unga mweupe kwenye sketi. "Siwezi," alisema.

"Basi."

"Acha palivyo." Alifika mlangoni, akageuka. "Patupu. Acha patupu tu." Gari likaondoka.

Wifi akainama kuokota nyanya. "Amekiri," alisema, na machozi yakimtoka. "Wifi, umesikia? Amekiri mbele yetu."

"Nimesikia. Na mdomo wake umefunga mlango. Sasa kila mpita njia atasoma jiwe la mumewe na kuuliza, hapa palikuwa na nini? Na yeye kila akija kupanda maua atajua palikuwa na nini, na kwa nini hapana." Alishika nyundo, akaanza kupanga tindo kwenye mfuko wake wa turubai. "Hiyo inanitosha kwa upande wake. Twende."

"Wapi?"

"Neno limekosa mwenyewe. Haliwezi kukaa bila kazi."

Walikwenda makaburini kwa miguu, jua likiwa bado juu. Kwenye jiwe la Tenori, Mama Tindo alipiga magoti, akapangusa ile nafasi tupu kwa kiganja, akachora mistari kwa penseli na rula. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Hakuwa bosi wa mtu. Linamkaa?"

Wifi alifikiria kwa uaminifu, kama ambavyo angefikiria mbele ya ubao. Alimkumbuka mumewe akienda kwa mwajiri wake kumwambia ukuta hautasimama, ilhali angeweza kunyamaza na kuhamia upande wa pili peke yake. "Linamkaa," alisema. "Hilo ni lake kabisa."

"Basi lisome kwanza."

Wifi akalisoma kwa sauti. Nyundo ikaanza. Herufi ya kwanza ilizama mpaka kina cha punje ya hindi, na Mama Tindo hakuinua tindo. Iliendelea kushuka, vumbi jeupe likimjaa kope na vidole.

"Inatosha, wifi," akasema yule mwingine kwa upole. "Utatoboa upande wa pili."

"Bado," alisema, akapiga tena.